Mtoto wa miaka 6 anasema mama yake alipigwa "kwa sababu alikosea", nimjibu nini?

MamaMdogoWao:

Habarini wapendwa, naomba mnisaidie mawazo maana hapa nilipo nimekwama kabisa. Dada yangu ametoka kwenye ndoa yake baada ya kupigwa miaka mingi, safari hii kaja moja kwa moja na wanawe wawili, wa kike ana miaka 11 na wa kiume ana 6, tunaishi wote kwangu. Mambo ya talaka na kesi yana watu wanaoyashughulikia, sio hayo ninayouliza, mi nauliza kuhusu vichwa vya hawa watoto.

Juzi yule mdogo alikuwa chini anacheza na magari yake, gari kubwa linaligonga dogo, linaligonga tena na tena, nikamuuliza mbona hili kubwa linamuumiza mwenzie, akanijibu bila hata kuniangalia "halisikii". Nikamwambia kwani asiposikia lazima agongwe? Akasema "ndiyo, ukikosea unapigwa, hata mama alikosea". Yaani kalisema hivihivi kawaida kabisa, huku mikono inaendelea na magari. Nikamuuliza mama alikosea nini, akanyamaza kidogo alafu akasema "mimi ndo nilimwaga maji".

Huyu mkubwa ndo ananitisha zaidi kwa sababu yeye haongei. Ila mtu akipandisha sauti, hata watu wanashangilia mpira kwenye TV, anatoka chumbani anakuja kusimama mlangoni anatuangalia usoni mmoja mmoja, akiona tuko sawa anarudi. Na wiki iliyopita alimwambia mama yake "si ungekuwa unanyamaza tu". Dada hakulala.

Sasa hawa watoto wanaamini kupiga ni haki? Huyu wa kiume ndo atakuja kumpiga mkewe? Tuongee nao au tuwaache wasahau? Maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi naogopa nisije nikaharibu zaidi.

Mzee Mwema:

Pole sana binti. Ushauri wangu waacheni watoto wale, wacheze, walale, msiwachimbue. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zenye ugomvi na leo ni watu wazima tunalea. Mtoto wa miaka 6 mkianza kumhojihoji ndo mnamkumbusha. Tena hawakupigwa wao, kapigwa mama. Wakiona sasa hivi kuna amani watasahau.

Kaunsela T:

Shikamoo mzee. Nakuheshimu ila hapo kwenye kusahau naomba nitofautiane na wewe. Kazi yangu ni kukaa na watoto wa namna hii, na ukiangalia vizuri alichoandika dada hakuna aliyemchimbua huyo mtoto, alikuwa anacheza zake, akaulizwa kuhusu gari, maelezo yakatoka yakiwa yamekamilika: nani alikosea, kosa lilikuwa lipi, adhabu ikawa ipi. Huyo hajasahau. Ameshaendesha kesi nzima kichwani mwake na hukumu ameshatoa, na mshtakiwa wa mwisho ni yeye mwenyewe.

Sisi watu wazima tunadhani mtoto akiona kipigo anaona kipigo basi. Hapana, anatafuta sababu, tena anaitafuta kwa nguvu zote, kwa sababu sababu ndo inampa cha kufanya. Kama mama alipigwa kwa ajili ya maji basi nisipomwaga maji mama atakuwa salama. Inauma kwamba anajibebesha lawama, lakini ebu angalia upande wa pili: baba ninayempenda anaweza kumpiga mama saa yoyote, na hakuna kitu chochote mimi ninachoweza kufanya kuzuia. Kwa mtoto huo upande wa pili unatisha zaidi kuliko lawama, kwa hiyo anachagua kuwa mkosaji. Umri nao unamsukuma hukohuko, mwanasaikolojia Piaget alishaeleza zamani kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hivi anayaelewa mambo kwa kuanzia kwake yeye, akikasirika mama ni kwa sababu yangu, akilia mama ni kwa sababu yangu. Na pengine maji kweli yalimwagika siku hiyo, na baba akafoka kuhusu maji, kwa hiyo mtoto ana ushahidi wake mkononi.

Hili sio jambo la kubuni. Mwaka 1992 watafiti Grych, Seid na Fincham walitengeneza dodoso la kuwauliza watoto wenyewe wanaonaje ugomvi wa wazazi wao, na kati ya mambo makubwa yanayopimwa humo ni haya mawili: mtoto anaona yuko hatarini kiasi gani, na anaona kosa ni lake kiasi gani. Maana nyumba mbili zinaweza kuwa na ugomvi uleule, watoto wakatoka na maumivu tofauti kutokana na walivyojieleza wenyewe ndani ya vichwa vyao. Ukimya wetu hauzuii mtoto kujieleza, unamwacha tu ajieleze peke yake.

Na kuhusu "kapigwa mama, hawakupigwa wao", Uingereza sheria yao ya mwaka 2021 kuhusu ukatili wa nyumbani inamtambua mtoto anayeona, anayesikia au anayeathirika na ukatili kati ya wakubwa wake kuwa naye ni mwathirika kamili, sio shahidi tu.

Sasa huyu wa miaka 11. Yeye maji ameshayavuka, anajua kabisa maji hayawezi kuwa sababu. Watoto wa umri huo wanapima: nani alianza, nani alijibu, nini kingefanyika tofauti. Anaposema "ungekuwa unanyamaza" usisikie mtoto anayemtetea baba, sikia mtoto aliyekaa miaka anasoma hali ya hewa ya ile nyumba akagundua kwamba siku mama akinyamaza inaisha haraka. Huo ndo mkakati wake na anashangaa kwa nini mama hakuutumia. Sisi tunajua kunyamaza kusingemuokoa, yeye hajui, hajawahi kuambiwa.

Kusimama mlangoni kuangalia nyuso nako kuna maelezo. Mwaka 2011 timu ya McCrory kule London iliwapima ubongo watoto waliotoka kwenye nyumba zenye ukatili wakiwa wanaonyeshwa picha za nyuso zenye hasira, na sehemu mbili zinazoshughulika na kugundua hatari, amigdala na insula, ziliamka zaidi kuliko za watoto wengine, na watafiti wenyewe wakaandika kwamba ndo hali iliyowahi kuonekana kwa askari waliotoka vitani. Hao watoto hawakuwa wagonjwa wa akili, walikuwa wameshazoea kuwa macho. Kwa hiyo usimfokee kwamba anachungulia watu wazima. Mwambie "tunashangilia mpira, hakuna aliyekasirika", aende.

Baba Wanne:

Mimi naomba niulize kwa nia njema kabisa. Mtoto kusema "ukikosea unapigwa" mbona ndo tulivyolelewa wote? Wangu wakikosea nawachapa, sio kuumiza, na mke wangu sijawahi kumnyanyulia mkono na sitamnyanyulia. Sasa na mimi mnaniweka kundi moja na huyo shemeji yake?

Kaunsela T:

Hapana kaka, sikuweki kundi moja, na nashukuru umeuliza wazi maana hapa ndo penyewe.

Jaribu kuangalia ukiwa na miaka 6. Unachapwa, na unaambiwa ni kwa sababu umekosea, na ni kwa faida yako, na anayekuchapa anakupenda. Alafu usiku unasikia ukutani baba anamwambia mama "umeyataka mwenyewe", "ungenisikiliza haya yasingetokea", "unanifanya nikupige". Maneno ni yaleyale. Mkubwa ndo anayepiga, anayepigwa ndo mwenye kosa, na baadae wote tunarudi mezani kula. Mtoto atatumia akili gani kujua kwamba la kwanza ni malezi na la pili ni ukatili? Hana hiyo akili, anayo kanuni moja tu na inafanya kazi sehemu zote mbili. Ndo maana yale magari ya mtoto hayagombani, moja linaadhibu jingine.

Na hiyo kanuni haiishi utotoni. UNICEF mwaka 2014 walitoa ripoti yenye takwimu za nchi nyingi, karibu nusu ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani, kama milioni 126, walikubali kwamba kuna nyakati mume ana haki ya kumpiga mkewe. Maswali yanayotumika kwenye tafiti hizo yanataja sababu: ameunguza chakula, amebishana naye, ametoka bila kumuaga, hajaangalia watoto vizuri, amekataa tendo la ndoa. Zisome hizo sababu taratibu. Ni orodha ya makosa. Hakuna anayeulizwa kama kupiga ni kuzuri, watu wengi watasema kubaya. Wanaulizwa kama kuna kosa linalostahili, na hapo ndo mkono unapopata ruhusa.

Sikuamulii nyumba yako kaka. Ila kwa watoto hawa wawili wa dada, hiyo nyumba wanayoishi sasa isiwe na fimbo hata moja, hata ya mzaha, hata kama wakorofi kiasi gani. Huwezi kumwambia mama hakustahili kupigwa alafu kesho yake ukamchapa kwa kuvunja kikombe, atakuamini mkono, hatakuamini mdomo.

Baba Wanne:

Sijakubali yote ila hilo la maneno kuwa yaleyale limenikaa. Asante.

KakaMkimya:

Huwa nasoma tu siandiki ila leo naandika kwa ajili ya huyo binti wa miaka 11.

Mimi nilikuwa najua usiku utakuwaje kwa viatu vya baba. Akivivua akavipanga pamoja mlangoni, tutakula vizuri, hata utani atatupiga. Kimoja kikirukia upande wake, nawachukua wadogo zangu nawapeleka chumba cha nyuma nawaambia tucheze mchezo wa kukaa kimya. Hakuna aliyenifundisha. Watu walikuwa wananisifia eti mtoto mtulivu ana akili za utu uzima, kumbe nilikuwa kazini muda wote.

Kitu ambacho watu hawataki kusikia ni kwamba mimi nilikuwa upande wa baba. Nilikuwa nakaa karibu yake, nacheka anapocheka, na mama nilikuwa namdharau, namuona mzembe, kila siku yeye, kwani hajifunzi? Nilikuwa nampenda baba kweli, sio kujifanya, alikuwa anatubeba mabegani. Na nilikuwa naogopa kuwa upande unaopigwa. Mtoto anaangalia tu ndani ya nyumba wapo wa aina mbili, anayepiga na anayepigwa, na anajiuliza mimi nitakuwa yupi. Hakuna anayekuambia kuna mtu wa aina ya tatu.

Aliyenifungua ni mjomba. Alinikalisha nje akaniambia baba yako ana mazuri yake na una haki ya kumpenda, lakini kumpiga mama yako ni kosa lake, sio la mama yako wala lako, na hakuna kosa ambalo mama yako angefanya likastahili lile. Akaishia hapo, hakumtukana baba wala hakuniuliza naonaje. Sikubadilika siku hiyo, nilimkasirikia hata mjomba. Ila nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akilitaja jambo lile kwa jina lake mchana kweupe, na baadae kila baba akisema "mama yenu kanilazimisha" nilikuwa nasikia na ile sauti nyingine pembeni.

Kwa hiyo dada, msimseme vibaya baba yao mbele yao hata kama mnachemka. Mkisema baba yenu ni mnyama, mtoto anayempenda baba yake anajua na yeye ni nusu mnyama.

nesi_wa_zamu:

Kaka umeandika vizuri sana na pole kwa uliyopitia.

Mimi nijibu lile la "atakuja kumpiga mkewe". Dada hilo neno lisitoke mdomoni mwa mtu yeyote hapo nyumbani, hata kwa uchungu, hata anapompiga mwenzie shuleni. "Unaanza kuwa kama baba yako" ni hukumu mbaya kumpa mtoto.

Ukweli ni kwamba riski ipo, inaongezeka, lakini sio hatima. Mwaka 2003 Kitzmann na wenzake walikusanya tafiti 118 za watoto walioshuhudia ukatili kati ya wazazi, wakaona kama asilimia 63 walikuwa na hali mbaya kuliko mtoto wa kawaida asiyeshuhudia, kwa maana hiyo zaidi ya theluthi walikuwa sawa na wengine au hata vizuri zaidi. Na mtafiti Cathy Widom mwaka 1989 alifuatilia watu walioteswa au kutelekezwa utotoni, waliokamatwa kwa makosa ya jinai walikuwa wengi kuliko wa kundi la wasioteswa ndiyo, ila sehemu kubwa hawakuwahi kukamatwa kabisa.

Kuna lingine la mwanasaikolojia Bandura, yule wa majaribio ya mdoli mwaka 1961, watoto waliomuona mtu mzima anaupiga mdoli nao wakaupiga, wengi wanaijua hiyo. Lakini la mwaka 1965 ndo linanigusa zaidi. Watoto waliangalia filamu ya mtu anaupiga mdoli, kundi moja likaona amezawadiwa, kundi jingine likaona ameadhibiwa, na jingine hakufanywa kitu. Walioona kaadhibiwa hawakuiga sana. Lakini walipoahidiwa zawadi waonyeshe alichofanya, wote walikuwa wanajua sawasawa. Maana yake mtoto wenu kupiga ameshakujua, huwezi kukufuta. Kinachobaki ni anaelewa kupiga kunaleta nini. Kwenye ile nyumba ya kwanza aliona kunaleta ukimya, kila mtu anatii, na hakuna anayempinga mpigaji. Sasa hivi anaangalia kama hapo kwenu mambo yanakwenda kwa njia nyingine. Kwa hiyo mkigombana wewe na dada yako, na mtagombana maana mnaishi pamoja, msiende kujificha kila mara, mwache aone watu wawili wamekasirikiana, wamesemana, wamesikilizana, na hakuna aliyeumizwa.

MamaMdogoWao:

Nimesoma zote, zingine nimesoma mara mbili na dada yangu akiwa pembeni. Ya mjomba imemliza sana lakini amesema ni kilio kizuri.

Mzee wangu, usione nimekupita, nimekusikia na nitahakikisha wanacheza na kulala kwa amani kama ulivyosema, ila nadhani na kuongea tutaongea.

Kaunsela naomba mambo mawili. Kwanza maneno yenyewe, maana mi nikianza natoa hotuba. Pili, binti alikuwa anaingilia katikati baba yake akianza, ana kovu mkononi kwa ajili hiyo. Na baba ataruhusiwa kuwaona, kwa hiyo nataka ajue cha kufanya.

Kaunsela T:

Kwa mdogo maneno yawe machache na yasemwe na mama mwenyewe, wewe ukiwepo. Kitu kama: "Ulimwaga maji, maji yanafutwa. Baba alinipiga, hilo ni kosa la baba. Sio la maji, sio lako, sio langu. Kumpiga mtu hairuhusiwi hata kama amekosea." Basi. Asipojibu msimlazimishe. Atarudi nalo siku nyingine akiwa anaoga au anachora, na atauliza swali lilelile mara nyingi, jibuni vilevile kila mara. Akirudia ule mchezo wa magari msimkataze, kaa chini naye uulize "hili dogo sasa linaumia, nani atalisaidia?" umwache aamue. Mtoto wa umri huo anafikiri kwa mikono.

Kwa binti ni tofauti, msimpe maneno ya mtoto mdogo. Kwanza mama amwambie kwamba ameona alichokuwa anafanya, kwamba alikuwa anajaribu kumlinda, na kwamba haikuwa kazi yake. Alafu ndo amueleze kuhusu kunyamaza: "kuna siku nilinyamaza na nikapigwa, kuna siku niliongea na nikapigwa, aliyekuwa anaamua ni yeye". Atahitaji kulisikia hilo kabla ya kuacha kumlaumu mama, na anaweza kukasirika, acheni akasirike, hasira yake ikipokelewa bila mtu kuumizwa ni somo tosha.

Kuhusu kwenda kwa baba, mawakili wenu waombe kabisa kuwe na mtu mzima mwingine muda wote wa kuonana, hilo liko kwenye uwezo wa mahakama sehemu nyingi. Na mpange naye mpango wa usalama, mufanye na mazoezi: ugomvi ukianza hauingii katikati, unamchukua mdogo wako kama uko karibu naye, kama uko mbali unatoka mwenyewe, unaenda kwa mtu fulani mliyekubaliana, unapiga namba hii. Aikariri namba kwa kichwa, asitegemee simu. Na aambiwe waziwazi kwamba kutoka sio kumsaliti mtu.

nesi_wa_zamu:

Naongezea kidogo. Akianza mmoja wao kukojoa kitandani wakati alishaacha, ndoto mbaya kila usiku, kujiumiza, kuumiza wanyama au watoto wadogo, au kusema anataka kufa, hiyo msisubiri, mpelekeni kwa mtaalamu wa watoto na mumwambie yote yaliyotokea msifiche. Kwa watoto wadogo kuna tiba ambayo mama na mtoto wanaingia pamoja, Alicia Lieberman na wenzake waliipima mwaka 2005 kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wameshuhudia mama zao wakipigwa, ilichukua kama mwaka mzima wa kukutana kila wiki na watoto walipata nafuu pamoja na mama zao. Kwa hiyo ulizia kama karibu yenu kuna anayefanya kazi na mama na mtoto kwa pamoja, sio mtoto peke yake.

Na dada yako naye ana mtu wa kuongea naye? Sijaona mtu amemuulizia.

MamaMdogoWao:

Bado hana. Kesho nampigia simu yule wa ustawi wa jamii aliyetupokea mara ya kwanza, nitamuulizia hiyo tiba ya pamoja na nitamuombea dada nafasi yake mwenyewe.